Huduma ya Kwanza Kazini: Dakika za Kwanza ni za Mwenzako

Mara nyingi katika kurasa hizi za Kiswahili tunaongea juu ya mishahara, likizo na mikataba. Leo naomba tuongee juu ya jambo lingine linalomhusu kila mmoja wetu, awe anakata miwa, anachuma chai au anasimama mbele ya mashine kiwandani. Nataka tuongee juu ya zile dakika za kwanza baada ya ajali, kabla gari halijapatikana na kabla mgonjwa hajaonana na daktari.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikata miwa katika shamba moja hapa Uganda. Siku moja, kama saa tatu asubuhi, mwenzetu wa kundi letu alijikata kwa panga kwenye muundi wa mguu. Damu ilitoka kwa nguvu. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini pale, wote wenye nguvu zao, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejua la kufanya. Mmoja alitia udongo kwenye jeraha. Wa pili alitafuna tumbaku akaipaka juu ya udongo ule. Wa tatu alichukua kamba nyembamba ya nailoni, akamfunga chini ya goti na kuikaza mpaka ikazama nyamani. Damu ikapungua, nasi tukashangilia.

Nyapara alikimbia kutafuta sanduku la huduma ya kwanza. Sanduku lilikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao karani, na karani alikuwa amekwenda mjini. Lilipovunjwa, ndani mlikuwa na chupa tupu, mkasi wenye kutu na daftari. Trekta ilipatikana saa saba, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Tulifika hospitali saa kumi jioni. Kamba ile ilikuwa bado palepale tangu asubuhi. Mguu ulikuwa umekufa, wakaukata.

Daktari alitueleza kwamba jeraha lenyewe lingepona kwa kusafishwa na kushonwa. Panga lilikata nyama. Kamba ndiyo iliyomkata mguu. Na yule mtu wa tatu, aliyefunga kamba, nilikuwa mimi.

Sikufanya vile kwa ubaya. Nilitaka kumwokoa. Lakini nia njema bila maarifa inaweza kumfanya mtu awe kilema. Ndiyo maana leo, nikiwa mtumishi wa chama, kila tawi ninalokwenda nauliza kwanza juu ya huduma ya kwanza, halafu ndipo tunaongea mengine.

HUDUMA YA KWANZA NI NINI?

Huduma ya kwanza si udaktari, wala haimhitaji mtu aliyesoma sana. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi. Ni mambo matatu tu: kuzuia hatari isiendelee, kuulinda uhai wa aliyeumia, na kumfikisha kwa waganga bila kumwongezea madhara. Daktari hayupo shambani wala hayupo kwenye mashine. Aliyepo ni mwenzako wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo zile dakika za kwanza ni zake, naye akiumia ni zako.

Kabla ya kumgusa aliyeumia, simama kidogo uangalie. Je, mashine imezimwa? Je, umeme umekatwa? Je, kuna moto, gari au moshi wa dawa? Mtu akianguka ndani ya tangi, shimo au kisima, usimfuate mbio. Mara nyingi kilichomwangusha ni hewa mbaya isiyoonekana, nayo itakuangusha na wewe. Katika ajali za namna hii mara nyingi anayefuata kuokoa hufa pamoja na yule wa kwanza. Ita watu, zuia wengine wasiingie, na mngojee wenye vifaa vya kupumulia.

Halafu gawa kazi. Usipige kelele tu kwamba "mtu aite gari." Kila mmoja atadhani mwingine amekwenda. Mwonyeshe mtu kwa kidole: "Wewe mwenye shati jekundu, piga simu kwa dereva. Wewe, leta sanduku. Wewe, simama barabarani uelekeze gari." Na useme kwa Kiswahili. Katika mashamba yetu mmoja ametoka Arua, mwingine Kabale, mwingine Kongo. Siku ya ajali hakuna muda wa kutafuta mkalimani.

1. DAMU INAPOTOKA KWA WINGI

Jambo la kwanza ni kubana. Chukua kitambaa safi, kikunje, kiweke juu ya jeraha na ubane kwa nguvu kwa kiganja. Mlaze chini aliyeumia. Usifunuefunue kutazama kama damu imesimama. Bana dakika kumi nzima bila kuachia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uzidi kubana pale pale damu inapotoka. Damu ikisimama, funga bendeji imara juu ya kitambaa hicho.

Linda mikono yako kwa glovu. Kama glovu hakuna, vaa mfuko wa plastiki, ule tunaouita kavera. Ukimaliza nawa kwa sabuni.

Udongo, tumbaku, majani, mavi ya ng'ombe na mafuta ya taa havifai kabisa kuwekwa kwenye jeraha. Udongo na mavi vina vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua. Kama kitu kimechoma na kubaki ndani, kwa mfano kipande cha chuma au kijiti, usikichomoe. Bana pembeni zake, mpeleke hospitali nacho.

Sasa juu ya kufunga kwa kukaza. Hiyo ni njia ya mwisho, kwa damu ya mkono au ya mguu inayotishia maisha na iliyokataa kusimama kwa kubanwa. Ikilazimu, usitumie kamba nyembamba wala waya. Tumia kitambaa au mkanda wenye upana wa vidole vitatu au zaidi. Funga juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, ukiacha nafasi ya kama vidole vitatu vinne, wala usifunge juu ya goti au kiwiko. Ingiza kijiti imara kwenye fundo, ukizungushe mpaka damu isimame, kisha kifunge kisirudi nyuma. Andika saa uliyofunga, kwenye karatasi au hata kwenye paji la uso wa mgonjwa. Usikifungue njiani. Kuanzia hapo mnashindana na saa: kiungo kilichofungwa hivyo kwa zaidi ya saa mbili kimo hatarini. Hayo ndiyo niliyokuwa siyajui siku ile.

Mashine ikikata kidole, banа jeraha kwanza. Kisha chukua kidole, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya kavera na uifunge. Kavera hiyo iweke ndani ya chombo chenye maji baridi au barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala kulowa maji. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe.

2. KUUNGUA KWA MOTO, MVUKE AU KEMIKALI

Dawa ya kwanza ya kuungua ni maji. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, tazama saa. Vua pete, bangili na saa mapema kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi au kwa plastiki safi, bila kukaza.

Usipake dawa ya meno, siagi, asali, unga, yai wala mafuta. Vitu hivyo vinafungia joto ndani na kuleta uchafu, na hospitalini vitabidi vikwanguliwe kwa maumivu makubwa. Malengelenge usiyapasue. Kama aliyeungua ni mtoto, au kama pameungua mahali pakubwa, usoni, mikononi au sehemu za siri, ni lazima apelekwe hospitali. Huku ukimmwagia maji pale palipoungua, mfunike sehemu nyingine za mwili asishikwe na baridi.

Kemikali ikikumwagikia, vua nguo zilizoloa upesi na ujimwagie maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Kama ni chokaa kavu ya kiwandani, ipanguse kwanza ikiwa kavu, ndipo umwage maji, kwa sababu chokaa ikikutana na maji kidogo huwaka. Ikiingia jichoni, inamisha kichwa jicho lililoumia liwe chini, fungua kope kwa vidole na umimine maji taratibu kwa dakika 20. Mtu asiyafikiche macho yake.

3. SUMU YA DAWA ZA KUNYUNYIZIA

Wanaobeba bomba mgongoni, sikilizeni vizuri. Sumu ya dawa za wadudu haihitaji kunywewa. Inapita kwenye ngozi, hasa nguo ikiloa jasho na dawa pamoja, na inaingia kwa pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, jasho jingi, mate kujaa kinywani, macho kuona ukungu, misuli kurukaruka, na kupumua kwa shida. Watu huzidhani kuwa ni malaria au pombe ya jana. Mtu aliyekuwa akinyunyiza dawa akiona dalili hizo, dhani sumu kwanza.

Mtoe shambani, mpeleke penye hewa safi. Mvue nguo zote zenye dawa na umwoshe mwili mzima, nywele na kucha pia, kwa sabuni na maji mengi. Wewe unayemsaidia jilinde mikono. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe maziwa. Maziwa hayaui sumu, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa nayo akafa. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kiubavu ili mate na matapishi yatoke nje.

Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na jina la dawa. Ng'oa karatasi ya chupa, iandike au ipige picha kwa simu, kwa sababu daktari hutibu kila sumu kwa njia yake. Zipo dawa za magugu ambazo mtu akimeza hata kidogo huonekana mzima siku ya kwanza, kisha huharibika mapafu na figo akafa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo usingoje azidiwe ndipo umpeleke.

4. KUUMWA NA NYOKA

Nyoka wengi huuma miguu na mikono ya wafanya kazi wa shamba. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hakimbii anaposikia hatua. Hulala kimya majanini mpaka akanyagwe. Swila yeye hutema sumu machoni kutoka mbali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Waliosahaulika hasa ni watu kama sisi, tunaoshinda majanini kutwa nzima.

Aliyeumwa aondoke mahali pale, atulie. Asikimbie, kwa sababu kutembea na kutikisa misuli kunasambaza sumu upesi. Mvue viatu, pete na chochote kitakachombana akivimba. Mguu au mkono ulioumwa uutulize kwa kuufunga kijiti kama uliovunjika, bila kukaza. Abebwe mpaka kwenye gari. Kumbuka saa aliyoumwa.

Usichanje kwa wembe. Usifyonze. Usifunge kamba. Usichome kwa moto wala kwa umeme wa betri ya gari. Najua wengi wetu tunaliamini jiwe jeusi. Ndugu zangu, jiwe jeusi halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Anayepona baada ya kuwekewa jiwe mara nyingi ni yule aliyeumwa na nyoka asiye na sumu, au nyoka mwenye sumu ambaye siku hiyo hakuiingiza. Sumu inayojulikana kuwa na dawa hutibiwa kwa sindano maalumu ya hospitali. Kamati ya tawi iulize mapema ni hospitali gani ya karibu yenye dawa hiyo, msije mkaanza kuitafuta mtu akiwa mahututi. Wala msipoteze muda kumwinda nyoka, mtapata mgonjwa wa pili.

Sumu ya swila ikiingia machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, halafu hospitali.

5. UMEME, NA MTU ASIYEPUMUA

Mtu akinaswa na umeme usimguse. Zima swichi kubwa. Ikishindikana, na kama ni umeme wa kawaida wa nyumba au wa mashine ndogo, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Lakini nyaya kubwa za nguzoni zikianguka, kaa mbali, zuia watu, mpaka wenye umeme wathibitishe kwamba wameukata.

Baada ya hapo mwite kwa sauti, mtikise mabega. Kama haitikii wala hapumui vizuri, moyo wake huenda umesimama, na kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya kumpata. Mlaze chali mahali pagumu. Piga magoti kando yake. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, weka mkono wa pili juu yake, nyosha viwiko, na ubonyeze kwa nguvu na upesi. Kifua kishuke kama sentimita 5 mpaka 6, kisha kiachie kirudi juu. Mwendo ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Asiyefundishwa abonyeze tu bila kukoma. Kazi hii inachosha, kwa hiyo mpokezane kila baada ya dakika mbili. Msiache mpaka apumue au mganga afike.

6. KIFAFA

Hapa adui mkubwa ni hofu. Wapo wanaoamini kwamba ukiguswa na povu la mwenye kifafa nawe utakipata, kwa hiyo mtu anaachwa aungulie kwenye moto au azame kwenye mtaro huku watu wakitazama. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa mate. Ni ugonjwa wa ubongo na una vidonge vyake hospitalini.

Mtu akianguka, ondoa panga, mawe na vitu vigumu karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza kola. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko wala kijiti mdomoni, utamvunja meno na kumziba pumzi. Tazama saa. Kutetemeka kukiisha, mlaze kiubavu na ukae naye mpaka fahamu zirudi. Kukizidi dakika tano, au kukirudia kabla hajazinduka, mpeleke hospitali. Nawaomba wajumbe wa kamati: mfanyakazi mwenye kifafa asifukuzwe. Atafutiwe kazi mbali na mashine, moto na mahali pa juu.

7. JUA KALI

Mkata miwa akianza kuumwa kichwa, kubanwa na misuli na kuishiwa nguvu, apumzike kivulini na anywe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, huku mwili ukiwa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kufa. Mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji mwili mzima na mumpepee bila kukoma mkiwa njiani kwenda hospitali. Aliyezimia asinyweshwe chochote.

KUMBEBA ALIYEUMIA

Kazi yote ya mwanzo inaweza kuharibika katika kubeba. Aliyevunjika mguu, ufunge kwanza kwa vijiti viwili vilivyofungiwa nguo, au uufunge pamoja na mguu mzima, asipate kuutikisa. Aliyeanguka kutoka juu na anaumwa shingo au mgongo asikunjwe wala kuketishwa. Abebwe na watu wengi kwa pamoja, juu ya ubao au mlango, kichwa na mwili vikiwa sawa. Boda boda imesaidia wengi, lakini mtu aliyezimia au aliyeumia mgongo asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kwa hiyo kila tawi liwe na namba za simu za madereva, nazo zibandikwe ukutani, usiku na mchana.

HAKI YETU

Ndugu wafanyakazi, huduma ya kwanza si hisani ya mwajiri. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 18 kwamba waajiri watakiwe kuwa na mipango ya kushughulikia hatari na ajali, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Kifungu cha 21 kinasema gharama za usalama kazini zisibebwe na mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka mahali pa kazi palipo salama katika haki za msingi za wafanyakazi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na wapo wakaguzi wa serikali wenye uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kukagua. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Ukiumia, ajali iandikwe siku ileile, hata kama jeraha ni dogo, pamoja na majina ya walioshuhudia. Jeraha lisiloandikwa ni gumu kulidai.

Sheria hizo hazitembei zenyewe. Nawaomba kila tawi lipeleke madai haya manne kwenye meza ya mazungumzo:

Kwanza, sanduku la huduma ya kwanza liwepo karibu na kila kundi shambani na kila idara kiwandani, lisiwe moja tu ofisini.

Pili, sanduku lisifungwe kwa kufuli wakati wa kazi, na likaguliwe kila mwezi na mtu wa mwajiri pamoja na mjumbe wa chama. Liwe na glovu, bendeji pana na nyembamba, shashi safi, plasta, mkasi, pini, sabuni na daftari la ajali.

Tatu, katika kila shifti na kila kundi wawepo watu waliofundishwa, wake kwa waume, tena wafundishwe saa za kazi bila kukatwa mshahara.

Nne, gari la kuwapeleka majeruhi lijulikane kabla ya ajali, pamoja na dereva wake.

Mwajiri atasema ni gharama. Mjibuni kwamba bendeji ni rahisi kuliko mguu.

Mwenzetu yule yu hai mpaka leo. Anashona viatu karibu na lango la shamba, na hajanilaumu hata siku moja, jambo ambalo mimi huliona zito kuliko lawama. Kila tunapofanya mafunzo katika tawi lile tunamwalika. Hasemi mengi. Hukunja suruali, watu wakaona, halafu huuliza swali moja tu: "Ufunguo wa sanduku lenu anao nani?"

Nami nawauliza ninyi. Kesho asubuhi, kabla hujashika panga au kuwasha mashine, nenda ukaulize.